Kabla Hujapiga Picha Mlangoni, Uliza Mlango wa Nani



Shaaban, kama mjuavyo, ni mwezi wa harusi. Kila familia inataka kumaliza shughuli zake kabla ya Ramadhani, na sisi mafundi hatulali. Shaaban ya mwaka juzi tulikuja Unguja kutoka Kibondo, mafundi watatu wa chumba kimoja cha kushonea. Gauni la biharusi lilikuwa ndani ya mfuko mweupe, tukapokezana kulipakata kwenye basi mpaka Dar es Salaam, kisha kwenye boti. Biharusi mwenyewe ni mtoto wa nyumbani. Wazazi wake walitoka Ujiji wakahamia huku kwa biashara ya dagaa, na yeye alitaka nguo yake ishonwe na mikono ya kwao.

Nikah ilifungwa salama, alhamdulillah. Kesho yake baada ya Alasiri tukatoka kwenda kupiga picha. Mpiga picha alikwisha kuchagua mahali, Shangani, mbele ya mlango mkubwa wa kuchonga wa nyumba ya zamani. Familia ikapangwa kwenye ngazi. Bibi mzaa baba, aliyekuja kutoka Ujiji kwa treni akiwa na umri wake mkubwa, alishikwa mkono akaletwa. Alipofika kwenye ngazi ya kwanza akauliza, "Nyumba ya nani hii?"

Mpiga picha akajibu kwa furaha, "Ya Tippu Tip, bibi. Wageni wote wanapiga hapa."

Bibi akarudi nyuma. Akaenda kukaa kwenye baraza ya upande wa pili, akajitandia kanga yake vizuri, akasema, "Pigeni nyinyi. Mimi hapo sisimami."

Jua lilikuwa linazama, shela linapeperuka, na kila mmoja wetu ana pini mdomoni. Tukamwambia, "Bibi, ni picha tu." Hakujibu. Picha zikapigwa.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Rajabu, bibi akatangulia mbele ya haki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Biharusi alipofungua albamu yake kumtafuta, hakumkuta popote. Sisi ndio tuliokuwa tukiharakisha watu siku ile, na tunaandika haya tukijua kosa ni letu.

Alichotueleza bibi usiku ule

Usiku baada ya picha, tulipokuwa tunatoa pini na kukunja shela, bibi alituita akatueleza. Kwao ni Wamanyema wa Ujiji. Bibi yake yeye, yaani mama wa mama yake, alichukuliwa akiwa mtoto upande wa pili wa ziwa, katika nchi ambayo leo ni Kongo, akavushwa Tanganyika kwa mtumbwi. Hakufika pwani. Aliishia Ujiji katika nyumba ya mfanyabiashara, akakulia humo, akawa suria, akazaa. Watoto walisomeshwa Qur'ani, na kizazi kile ndicho kilichoendelea mpaka kikafika kwa biharusi wetu.

Bibi hakusema kwamba waliomchukua ni watu wa Tippu Tip. Hakujua, na sisi hatutaongeza. Alichojua ni kwamba jina lile lilipotajwa nyumbani kwao, wakubwa walishusha sauti.

Tippu Tip, jina lake Hamed bin Muhammed al-Murjebi, alikuwa mtu wa Unguja aliyefanya biashara ya pembe za ndovu na watumwa ng'ambo ya Tanganyika, huko Manyema. Aliandika habari za maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. Alifariki hapa Unguja mwaka 1905, na nyumba yake bado imesimama Shangani. Kwa mgeni ni mlango mzuri wenye nakshi. Kwa mwanamke aliyetoka Ujiji ni mlango unaojibu swali la kwa nini yeye hajui kabila la bibi yake.

Hilo ndilo tunalotaka kusema leo, dada zetu. Majengo ya mtaa wa zamani siyo pazia la nyuma la picha. Kila moja lilijengwa na mtu, kwa mali iliyotoka mahali, na huko ilikotoka kuna watu ambao wajukuu wao wangali hai na wanakuja kwenye harusi zenu.

Mtaa mmoja, kutoka sokoni mpaka baharini

Siku mbili kabla ya kurudi kwetu tulitembea na biharusi, bila mpiga picha, kutoka Darajani mpaka Forodhani. Wengi wenu mnapita njia hiyo kila wiki kununua lesi, hina na udi. Twendeni pamoja.

Tunaanza Darajani. Jina limetokana na daraja lililovuka mkono wa bahari uliokuwa ukitenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, kabla haujafukiwa. Jengo la soko ni la mwaka 1904. Mwanamke wa Unguja amekuwa akinunua samaki na viungo chini ya paa lile kwa zaidi ya miaka 100.

Ukiacha soko ukaingia Mkunazini, hatua chache tu, unafika mahali palipokuwa soko la watu. Soko hilo lilifungwa mwezi Juni mwaka 1873, wakati wa Sultani Barghash, kwa shinikizo la Waingereza, na mwaka huohuo Waanglikana wakaanza kujenga kanisa lao juu ya uwanja ule. Nje ya kanisa kuna shimo lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya msanii wa Kiswidi, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Wengi wetu hatuingii kwa sababu ni uwanja wa kanisa. Tuliingia kutazama, tukasimama kimya. Biharusi alihesabu sanamu za wanawake.

Tunarudi kwenye mtaa, Mchangani, kwenye maduka ya vitambaa. Hapa sisi mafundi tuna la kusema. Kitambaa mnachokiita marekani kina jina hilo kwa sababu kililetwa na meli za Marekani, nyingi kutoka Salem katika jimbo la Massachusetts. Marekani walikuwa na konseli wao hapa Unguja tangu mwaka 1837. Walileta pamba, wakaondoka na pembe za ndovu, na pembe nyingi ziliishia kuwa funguo za piano kwenye viwanda vya Connecticut. Marekani ile na kaniki ndizo zilizobebwa bara kama fedha, mpaka Ujiji. Kwa hiyo mzigo wa kitambaa ulipanda kwetu, na mzigo wa pembe ukashuka kwenu, zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu.

Tuseme ukweli wote. Wapagazi wengi wa njia ile walikuwa watu huru, hasa Wanyamwezi, waliolipwa ujira wao. Watumwa wengi waliouzwa Unguja walitoka upande wa Ziwa Nyasa wakapitia Kilwa. Njia yetu ya Ujiji ilijulikana zaidi kwa pembe. Lakini watu nao walipita na kuuzwa, na wanawake na watoto walikuwa wengi kati yao.

Mavazi nayo yana habari yake. Mtumwa mwanamke alivaa marekani au kaniki, nguo ya rangi moja isiyo na mapambo. Utumwa ulipovunjwa, wanawake wakaziacha, wakashika kanga za rangi na maandishi, na baadaye buibui, vazi lililokuwa la mabibi wa nyumba kubwa. Ukimwona bibi yako anathamini kanga mpya kuliko kitu kingine sandukuni, usimcheke. Kanga ile kwa wengine ilikuwa cheti cha uhuru.

Mtaa unaendelea mpaka Hurumzi. Wazee husimulia kwamba jina lenyewe limetokana na uhuru, kwa kuwa ni mtaa ambao watumwa walikuja kuandikiwa kuachiwa kwao. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kufuta hadhi ya utumwa kisheria. Mtumwa aliyetaka uhuru alikwenda kuomba, na mwenye mtumwa akalipwa fidia.

Hapa tuwaombe msimame kidogo. Amri ile ya 1897 haikuwahusu masuria. Mwanamke aliyekuwa suria aliendelea kuhesabiwa wa bwana wake, na ilibidi angoje mpaka mwaka 1909 kabla sheria haijamfikia. Miaka 12 zaidi ya mwanamume aliyekuwa akichukua maji ya nyumba hiyohiyo. Upande wa bara, Tanganyika, utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922. Tulipomhesabia biharusi miaka hiyo, akasema, "Basi bibi yake bibi alikwisha kuwa mama wa watu." Ndiyo.

Mwisho wa mtaa, mbele ya bahari, ndipo ilipo Beit el Ajaib. Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe na kupokea wageni, na ikaitwa jumba la maajabu kwa sababu ya umeme na lifti yake. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga mji kwa mizinga kwa muda usiofika saa moja. Jumba la jirani, Beit al-Hukm, likaharibiwa kabisa, na Beit el Ajaib ikasimama. Kilichoishinda ni uchovu. Tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katika matengenezo, sehemu yake kubwa iliporomoka na watu wawili wakafa. Mnakumbuka siku ile. Jumba lililohimili mizinga lilianguka mchana kweupe katika wakati wetu.

Ukifuata ufukwe kuelekea Malindi unalikuta jengo lenye roshani za mbao zilizochongwa kama lesi, wengi hulijua kwa jina la Dispensari ya Zamani. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887 na tajiri wa Kihindi, Tharia Topan. Alifariki mwaka 1891 kabla halijakwisha, na mjane wake ndiye aliyesimamia mpaka likamalizika mwaka 1894. Zaidi ya karne moja watu wanasifu roshani zile kwa jina la mume. Mwanamke aliyelipa mafundi mpaka msumari wa mwisho hatajwi na waelekeza wageni.

Sisi tulio na mtaa usiokuwepo

Mtauliza, mafundi wa Kibondo mna nini na majumba ya Unguja? Tuna sababu, na inaitwa Mtendeli.

Mtendeli iko Wilaya ya Kakonko, iliyomegwa kutoka Kibondo. Ilikuwa kambi ya wakimbizi miaka ya 1990, kisha ikafunguliwa tena mwaka 2016 kupokea Warundi, na mwishoni mwa mwaka 2021 ikafungwa. Waliobaki wakahamishiwa Nduta. Wakati soko lilipokuwa linaruhusiwa, tulikuwa na cherehani mbili pale kwenye mstari wa vibanda. Na pale palikuwa mtaa, wallahi. Palikuwa na kinyozi, muuza mandazi, fundi baiskeli, na mwisho wa mstari msikiti mdogo wa matofali mabichi wenye mlango wa mbao za makreti. Tuliwashonea maharusi wa Kiislamu wa Kirundi. Nikah ilifungwa msikitini, walima ikaliwa chini ya turubai, na biharusi akavaa shela kama biharusi yeyote wa Unguja.

Miti ya kamba, turubai na matofali mabichi havidumu. Kambi ilipofungwa, mvua za masika mbili zilitosha. Tulipopita tukienda Kakonko hatukuweza kuonyeshana mstari wa vibanda ulipokuwa.

Mmoja wa maharusi wale alitupigia simu akiwa Nduta. Alikuwa na mtoto anayeanza kuuliza maswali. Akatuomba kama tuna picha ya mlango wa msikiti ule, amwonyeshe mtoto mahali baba na mama walipooana. Tulitafuta kwenye simu zote tatu. Hatukuwa nayo. Tulichokuwa nacho ni daftari la vipimo vyake: kifua, kiuno, mkono, urefu. Tukampigia picha ukurasa ule tukamtumia. Alilia, na sisi tukalia.

Ndiyo maana hatuwezi kukubaliana na anayesema majumba haya yabomolewe kwa sababu ya historia yake. Tunajua ilivyo kutokuwa na ukuta hata mmoja wa kumwonyesha mtoto. Nyinyi mnazo kuta. Zishikeni, lakini zishikeni pamoja na maneno yake yote.

Na tusidhani kwamba kuwepo kwa ukumbusho kunatosha. Kwetu Ujiji, mwisho wa njia ya misafara, kuna uwanja wenye miembe na mnara wa jiwe. Mgeni akifika anaonyeshwa mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, na hayo ni kweli. Bibi yetu alizaliwa na kuzeeka karibu na uwanja ule. Alituambia ameona wageni wengi wakija kupiga picha, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza juu ya watu waliokuwa wamebeba mizigo.

Watakaotupinga

Tulipowaeleza dada wengine wazo hili tulipata majibu matatu, na yote yanastahili kujibiwa kwa heshima.

La kwanza: habari za utumwa huletwa na wageni ili waichafue dini yetu. Tunaelewa uchungu huo. Ni kweli wapo waelekezaji na vitabu vinavyosimulia kana kwamba Mwarabu peke yake ndiye aliyenunua na Mwislamu peke yake ndiye aliyeuza, huku wakisahau Wafaransa walionunua watu kwa ajili ya mashamba yao ya miwa visiwani, na nani aliyekuwa akipiga piano za pembe. Lakini dawa ya habari nusu ni habari kamili. Kunyamaza hakuikamilishi. Dini yetu imefanya kumwacha mtu huru kuwa ibada na kafara ya makosa, na imetuamrisha kushuhudia haki hata ikiwa ushahidi ni dhidi yetu wenyewe na wazazi wetu. Anayeficha aliyoyafanya babu yake hailindi dini. Analinda jina la babu.

La pili: majengo hayana dhambi, mlango ni mbao tu. Kweli, mlango hauna dhambi. Na sisi hatujasema mlango uchomwe. Seremala aliyechonga nakshi zile alikuwa na mkono uliobarikiwa, na inawezekana kabisa naye alikuwa mtumwa. Lakini nguo nayo ni uzi tu, na hata hivyo biharusi hakubali kuvaa gauni mpaka ajue limetoka wapi na limevaliwa na nani. Tunawauliza wauza mitumba maswali mengi kuliko tunavyoiuliza nyumba ya orofa tatu.

La tatu, na hili ndilo zito zaidi: harusi ni siku ya furaha, msituletee msiba. Dada, tunaishi kwa furaha za watu, hatuwezi kuzidharau. Ila furaha ya bibi nayo ni sehemu ya harusi. Siku ile Shangani tulilinda shela lisichafuke, tukalinda mwanga usipotee, tukalinda ratiba ya mpiga picha. Hatukumlinda mtu mmoja aliyesafiri mbali kuliko wote. Swali moja lililoulizwa asubuhi lingetosha kubadilisha mahali, na picha zingekuwa nzuri vilevile.

Tunayowaomba

Kwanza, uliza kabla. Unapokaa na mpiga picha kupanga, usiulize tu wapi kuna mwanga mzuri. Uliza jengo lile ni la nani, lilijengwa kwa mali gani, na nani anaishi ndani leo. Nyumba nyingi za zamani zina familia ndani zinazoanika nguo na kupika huku nyinyi mmeziba ngazi zao. Kisha waulize wazee wa pande zote mbili kama kuna mahali wasingependa kusimama. Somo wako anakufundisha mambo mengi katika siku za singo na hina. Na hili liwemo.

Pili, ujue hali ya jengo. Mji Mkongwe uliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, na kuna mamlaka yake ya uhifadhi, lakini jina halizuii mvua. Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimeshikwa na boriti za mikoko. Chokaa hupumua. Ukiziba ufa kwa saruji kwa sababu ni rahisi na ya haraka, unyevu unafungiwa ndani na ukuta unaoza polepole. Fundi nguo analijua hili bila kufundishwa: ukitia kiraka cha jinzi kwenye kitambaa cha hariri, kiraka kitabaki na hariri itachanika pembeni yake. Kama una nyumba ya urithi, tafuta fundi wa chokaa. Kama huna, basi angalau usiwe wewe unayemshauri shangazi auze boriti zake.

Tatu, kumbukeni wakfu. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za wakfu, na miongoni mwa waliotoa wakfu walikuwamo wanawake, waliotaka kodi ya nyumba isomeshe watoto, itunze msikiti au iwasaidie jamaa maskini. Tunatumia fedha nyingi kwa keki inayoliwa siku moja. Biharusi akitenga sehemu ndogo ya bajeti ya mapambo akaitoa kwa matengenezo ya msikiti wa mtaa au nyumba ya wakfu anakopigia picha, harusi yake itaacha kitu kinachoendelea kumletea thawabu baada ya maua kunyauka. Wanaume wetu wasituambie hayo si mambo ya wanawake. Mjane wa Tharia Topan alimaliza jengo zima.

Nne, andika nyuma ya picha. Andika jina la mtaa, jina la nyumba, mwaka, na majina ya wazee waliosimama pamoja nawe. Kama ni picha za simu, andika kwenye daftari. Na kama kwenu ni kama kwetu, mahali pasipo na majumba ya mawe, piga picha ya kibanda, ya mlango wa makreti, ya mwembe. Usingoje mpaka paitwe pa kihistoria. Tulingoja Mtendeli, na tuliyobaki nayo ni vipimo vya kifua na kiuno.

Sisi tuliishia kidato cha nne, tukaenda kusomea ushonaji, na hatudai kuwa wataalamu wa historia. Tumesema tunayoyajua. Tangu siku ile, katika chumba chetu Kibondo, biharusi akija kupimwa tunamwuliza swali moja zaidi baada ya urefu wa gauni: mtapigia picha wapi, na bibi amekubali? Wengine hucheka. Wengine huchukua simu palepale wakampigia bibi. Mwezi uliopita mmoja alipiga, akasikiliza kwa muda mrefu sana bila kusema neno, kisha akaomba tumpe kalamu.

Biharusi wetu wa Unguja ana mtoto sasa, binti, na amempa jina la bibi. Alituambia akitembea naye Hurumzi hukaa kidogo kwenye baraza moja ya pale, amnyonyeshe chini ya buibui, wapumzike. Ameomba safari ijayo tuje na simu yenye kamera nzuri. Inshaallah tutakuja kabla ya Ramadhani.